Kutetemeka Kunapokoma: Hipothemia kwa Wasafiri wa Miguu
Njia ya Arctic Circle Trail, magharibi mwa Greenland, ina urefu wa takriban kilomita 160 kati ya Kangerlussuaq na Sisimiut, wala haipiti kijiji chochote. Mwenye kudhurika huko hutegemea kwanza wenzake wa safari.

Hipothemia ni hali ya joto la ndani ya mwili kushuka chini ya nyuzi 35 za Selsiasi. Hutokea hata pasipo theluji, kwani nguo zilizolowa na upepo huupokonya mwili joto upesi. Mgonjwa hutetemeka, hujikwaa, hutamka maneno kwa shida na huchanganyikiwa. Akiacha kutetemeka ilhali mwili ungali baridi, asidhaniwe amepona: uwezo wake wa kujipasha joto umekwisha.

Mgonjwa akingwe upepo, avuliwe nguo zilizolowa, afunikwe kwa mavazi makavu na atandikiwe kitu cha kumtenga na ardhi. Akiwa na fahamu timamu, apewe kinywaji cha moto chenye sukari. Asipewe pombe, maana hutanua mishipa ya ngozi na kupoteza joto zaidi. Asisuguliwe wala asitikiswe, kwa kuwa moyo uliopoa huvurugika mapigo kwa urahisi. Kanuni hizi humfaa pia mpagazi aliyelowa mvua kwenye Mlima Kilimanjaro.