Utupa: dawa ya maharage unayoipanda mwenyewe

Ukiteremka Mumosho kuelekea mto Ruzizi utaona shida mbili kwenye shamba moja: udongo mwekundu unaoondoka na kila mvua, na maharage yaliyojaa vidukari. Utupa unasaidia zote mbili, na hausubiri pesa ya duka la dawa. Ni kichaka cha jamii ya maharage, maua ya zambarau au meupe, majani yenye manyoya laini, urefu wa mita mbili hadi nne. Wataalamu wa kilimo wanakiita tefrosia. Wavuvi wa zamani walikitwanga kulewesha samaki, kwa hiyo nguvu yake inajulikana.

Anza na mti mama, yaani ule utakaouchumia mbegu. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaokota mbegu kwenye kichaka chochote cha jirani. Utafiti uliochapishwa 2012, uliopima mimea ya Malawi, ulionyesha kuna utupa wa aina mbili unaofanana kwa macho. Mmoja una rotenoni, sumu ya wadudu, majanini. Mwingine hauna, na hauui wadudu.

Jaribu kabla ya kuchuma mbegu. Twanga kiganja cha majani, loweka usiku kucha kwenye kikombe cha maji yenye sabuni kidogo, chuja. Pulizia shina moja la maharage lenye vidukari. Shina la pili lipulizie maji ya sabuni matupu, maana sabuni peke yake nayo huua vidukari. Linganisha baada ya siku mbili. Kama hakuna tofauti, achana na mti huo kwa dawa, hata ukiwa na maua mazuri kiasi gani.

Chuma maganda yakishageuka kahawia, kabla hayajapasuka. Yaanike juani ukiyafunika kwa gunia kuukuu. Yakikauka hupasuka kwa nguvu na kurusha mbegu mpaka kwa jirani.

Ganda la mbegu ni gumu. Mimina juu yake maji ya moto yasiyochemka, yaache yapoe, mbegu zilale humo hadi asubuhi. Zilizovimba panda siku hiyo hiyo. Zisizovimba zirudie.

Panda palepale utakapokaa mti. Mwaka wangu wa kwanza niliotesha miche arobaini kitaluni nikaihamisha kwa kujiamini; ilisalia minne. Mzizi wake mkuu huchimba chini mapema, na haupendi kuguswa.

Weka mbegu mbili kila shimo, kina cha sentimita mbili, shimo hadi shimo sentimita 60. Kwenye mteremko, mstari ukate mlima kwa upana, usishuke nao. Wakati wake ni mvua za msimu A, kuanzia katikati ya Septemba, ili mizizi iwe imeshuka kabla ya kiangazi cha Juni. Palilia miezi miwili ya kwanza. Baada ya hapo kichaka kinajilinda.

Baada ya wiki sita hivi, ng'oa mche mmoja. Kata kifundo kwenye mzizi. Ndani pakiwa pekundu au waridi, mmea unalisha udongo wako naitrojeni. Usitie mbolea.

Majani chuma ukifika miezi sita. Chukua matawi ya juu tu. Ukiukata chini kama unavyokata mti wa kuni, hautachipua tena vizuri, utakufa. Kwa kawaida kichaka huishi miaka miwili hadi mitatu, basi weka mbegu za kurithisha kila mwaka. Shina likifa ni kuni, na lililonyooka hufaa kuwa mti wa kuegemeza maharage yanayopanda juu.

Usifuatishe nyanya mahali utupa ulipotoka. Mizizi yake hufuga minyoo fundo, na nyanya zitalipa deni hilo.

Dawa yenyewe: anika majani kivulini, twanga, pima kilo moja ya unga kwa lita kumi za maji. Weka kipande cha sabuni kama ncha ya kidole gumba. Acha usiku kucha, chuja kwa kitambaa, usije ukaziba pompi. Pulizia jioni, kwa sababu jua huivunja rotenoni haraka. Tengeneza ya kutumia siku hiyo, usiweke akiba ndani ya bidoni. Mboga zilizopuliziwa ngoja wiki nzima kabla ya kula, na uzioshe.

Unga huo pia unachanganywa na maharage ghalani dhidi ya fukusi. Nakushauri ufanye hivyo kwa mbegu za kupanda tu. Ya sufuriani yaache.

Sasa onyo, na hapa sitanii. Funika mdomo na pua unapotwanga. Mbuzi wasifike, watoto wasicheze na maganda. Pompi usiioshe kijitoni, wala kwenye bwawa la samaki, wala Ruzizi. Kiasi kidogo tu kinatosha kuua samaki. Maji machafu yamwage shimoni, mbali na kisima.

Kama hujaupata mti mama, utafute kiangazi hiki maganda yakiwa yamekauka. Septemba ikifika utakuwa umechelewa.