Somo la Robo Hii: Vipaza Sauti Visivyo na Waya



Ndugu wanakamati na wafadhili wapendwa, ombi la vipaza sauti visivyo na waya huletwa mara nyingi kwenye vikao vya parokia. Kabla ya kununua au kutuma, tunawaomba msome namba moja iliyoandikwa kwenye kifaa: masafa yake, yaani megahezi.

Kipaza sauti cha namna hii ni kituo kidogo cha redio. Nguvu yake haifiki hata wati moja, wakati mnara wa simu hutumia makumi ya wati. Kipokezi hakitambui yupi ni padre na yupi ni mnara. Hushika wimbi lenye nguvu zaidi kwenye masafa yake, na mahubiri yanakatika.

Kwa miaka mingi vipaza hivi vilijibanza katika nafasi zilizoachwa wazi kati ya stesheni za televisheni. Televisheni ya dijitali, ambayo Dar es Salaam ilihamia kwa kuzima analojia tarehe 31 Desemba 2012, inahitaji nafasi ndogo zaidi, hivyo sehemu ya juu ikapewa simu. Huko Marekani vipaza vya megahezi 698 hadi 806 vilipigwa marufuku tangu tarehe 12 Juni 2010, na makanisa mengi yalilazimika kuviacha. Kwa Afrika, mkutano wa kimataifa wa redio wa mwaka 2012 uliamua kuwa 694 hadi 790 itumike pia kwa simu. Kwa hiyo, wafadhili wetu, tafadhali msitutumie vile vilivyokatazwa kwenu. Tunasema kwa upendo.

Lakini vipaza vyenyewe pia hugombana, na hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Vipaza viwili vikiwaka karibu karibu, mawimbi yake huchanganyika na kuzaa mengine. Chukua 520.0 na 520.4. Zidisha ya pili mara mbili, toa ya kwanza: unapata 520.8. Ukimpa mwalimu wa kwaya kipaza cha 520.8, ukidhani umepanga vizuri kwa nafasi zilizo sawa, umemweka hasa mahali pa fujo. Mpe 521.1, atasikika.

Kila Jumamosi zimeni vipaza vyote, mwache kipokezi kikiwaka. Taa ya mawimbi ikiwaka, kuna mwingine kwenye masafa hayo; badilisheni. Kipokezi kikae mahali kinapoonana na altare, si ndani ya kabati la chuma la sakristia (tumekikuta huko zaidi ya mara moja).

Kwa mimbari, ambapo msomaji hatembei, waya unatosha na ni rahisi. Maombi ya robo ijayo yataje idadi ya vipaza, masafa ya vile mlivyo navyo, na kama mnara wa simu uko jirani na kanisa. Kwa Tanzania, ulizeni kwanza TCRA masafa yanayoruhusiwa.