Picha Isiyo na Kisogo

Mdogo wangu anaishi Muscat, na nyumba ya mama yetu Unguja inaezekwa upya. Aliniomba picha ya sebule, lakini hakutaka ukuta mmoja mmoja. Alitaka chumba kizima, ajione kama amesimama katikati yake. Nikaazima kamera ya nyuzi 360, nikaiweka juu ya kigoda, nikatoka nje na kubonyeza simu. Picha ilipotoka ndipo nilipoona yaliyokuwemo: vyeti vya mama juu ya meza, dawa zake kwenye rafu, funguo zikining'inia nyuma ya mlango, na uso wa mtoto wa jirani aliyekuwa akichungulia dirishani. Katika picha ya kawaida, unachokipa kisogo hakimo. Hii haina kisogo. Imemeza kila kitu, juu mpaka chini.

Kwa hiyo swali la kuitazama wapi ni zito kuliko linavyoonekana. Mtu akitafuta mtandaoni namna ya kufungua panorama, hukutana na tovuti inayomwambia afungue akaunti, apakie picha, kisha apewe kiungo. Anatii, kwa sababu anadhani hakuna njia nyingine. Njia ipo, na haihitaji kumkabidhi mtu yeyote sebule ya mama yako.

Faili lenyewe ni JPEG kama picha nyingine yoyote. Kinachoitofautisha ni umbo: upana wake ni mara mbili ya kimo, tuseme pikseli 8192 kwa 4096, kwa kuwa imebeba nyuzi 360 za kuzunguka na nyuzi 180 kutoka dari hadi sakafu. Ndivyo ramani ya dunia inavyobandikwa ukutani, tufe limekunjuliwa likawa bapa. Ukiifungua hivihivi, dari linavutika kama ulimbo na meza inapinda. Panatakiwa programu ya kuikunja tena iwe tufe, kisha ikuweke wewe ndani yake. Kazi hiyo kivinjari cha kawaida kinaiweza chenyewe. Tangu teknolojia ya WebGL ilipotoka mwaka 2011, ukurasa wa tovuti unaweza kuikabidhi hesabu ya namna hii chipu ya michoro iliyomo ndani ya simu au kompyuta yako. Kivinjari pia kinaweza kusoma faili ulilolichagua bila kulipeleka popote. Tovuti inayokulazimisha upakie kwanza ili utazame tu peke yako imeamua hivyo kwa sababu zake.

Neno panorama lilianza na mchoraji Robert Barker, aliyesajili uvumbuzi wake mwaka 1787 na baadaye akajenga jumba la duara London ili kuonyesha michoro yake. Watu walilipa kiingilio, wakasimama katikati, mji mzima ukawazunguka. Mtazamaji ndiye aliyeifuata picha ilipo. Leo jumba limo mfukoni mwako, na picha haina haja ya kuondoka nyumbani.

Utaijuaje tovuti inayofanya kazi hiyo ndani ya kifaa chako na ile inayoichukua picha? Usitegemee maneno yake, ipime. Fungua ukurasa ukiwa na data. Ukishajaa wote, weka simu kwenye hali ya ndegeni, uhakikishe na Wi-Fi imezimika. Sasa chagua picha. Ikifunguka na ukaizungusha kwa kidole, basi imefunguliwa hapohapo mkononi mwako. Ikikwama, au ukurasa ukilalamika kwamba hakuna mtandao, acha. Hata ikifaulu, funga kichupo kwanza ndipo urudishe data, maana ukurasa ulio wazi bado umeishika picha, na ukipata mtandao unaweza kuituma. Kwa majaribio, tumia picha isiyo na siri, kama ya uwanja wa mpira au ya ufukweni.

Hapa wengi huteleza kwa kuamini kichupo fiche cha kivinjari. Kichupo fiche hakizuii picha kupakiwa, wala hakikufichi mbele ya tovuti. Kinachofanya ni kutohifadhi historia kwenye kifaa chako, na kufuta vidakuzi na data ya tovuti unapofunga vichupo fiche vyote. Hata hivyo mimi hukitumia kwa jaribio hili, kwa sababu mbili: chochote ambacho ukurasa umekihifadhi pembeni hufutika ukivifunga vyote, na viendelezi vya kivinjari, ambavyo vingine vina ruhusa ya kusoma kila ukurasa unaoufungua, kwa kawaida huwa vimezimwa humo mpaka uviruhusu mwenyewe.

Mwenye kompyuta ana njia bora zaidi: kuwa na kitazamio chake. Pannellum ni programu huria na ya bure, ndogo sana, unayoipakua mara moja tu. Weka faili lake la pannellum.htm na picha yako katika folda moja. Ukibofya faili hilo moja kwa moja, huenda picha isifunguke, kwani vivinjari huzuia ukurasa uliofunguliwa kutoka kwenye diski usisome mafaili jirani. Ni ulinzi mzuri, tusiulalamikie. Dawa yake ni seva ndogo ndani ya kompyuta yenyewe. Kama una Python, ingia kwenye folda hiyo kupitia dirisha la amri, uandike:

python3 -m http.server --bind 127.0.0.1

Kisha kwenye kivinjari andika localhost:8000/pannellum.htm#panorama=sebule.jpg, ukiweka jina la picha yako mwishoni. Usiliache lile neno la bind na namba zake. Bila hiyo, seva husikiliza mtandao mzima ulioungana nao, na kwenye Wi-Fi ya mgahawa mtu wa meza ya pili anaweza kuifungua folda yako. Namba 127.0.0.1 maana yake ni kompyuta hii tu. Ukimaliza, bonyeza Ctrl na C kuizima.

Kwenye simu, picha ikitokea nyeusi au kivinjari kikijifunga, mara nyingi tatizo ni ukubwa. Picha ya 8192 kwa 4096 inaweza kuwa MB chache ikiwa faili, lakini ikikunjuliwa kwenye kumbukumbu hufika takribani MB 134. Ipunguze hadi 4096 kwa 2048. Inashuka hadi robo ya hapo, na kwa kioo cha simu inatosha.

Limebaki suala la kuituma. Ukiituma WhatsApp kama picha, hubanwa na kupoteza ubora. Ukiituma kama hati, hufika nzima, lakini na vilivyofichwa ndani yake huenda navyo, pamoja na mahali ilipopigwa kama kamera iliandika. Hivyo zima huduma ya mahali kwenye kamera na kwenye simu inayoiongoza kabla ya kupiga. Na kabla ya hapo, simama pale kamera itakapokaa, ujizungushe polepole duara zima: meza, rafu, kioo cha ukutani, nyuma ya mlango.

Mimi nilifuta ile ya kwanza, nikakusanya vyeti na dawa, nikaegesha dirisha, nikapiga upya. Mdogo wangu aliipokea kama hati na kuifungua kwenye kompyuta yake jioni ile, kwa Pannellum ileile. Kimya kikapita. Kisha akapiga simu: “Kaka, kabati la baba mmelihamishia wapi?”