Kujenga Nyumba Mpya Bila Kupoteza Fedha

Kujenga nyumba ni kazi ipitayo karibu kila kazi nyingine afanyayo mtu kwa fedha zake. Shamba humlisha kila mwaka, na ng'ombe huzaa. Lakini fedha iliyotiwa katika ukuta haitoki tena. Kwa sababu hiyo mwenye kujenga ajue ya kuwa fedha nyingi hazipotei dukani wala kwa fundi. Hupotea kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, kwa kukosa kufikiri.

Katika sehemu nyingi za Kenya huonekana kuta zilizosimama miaka mingi bila paa. Mwenye nyumba alianza vyumba sita, fedha ikamwishia kwenye madirisha. Mvua huosha udongo kati ya mawe, nondo hushika kutu, na majani huota mahali palipokusudiwa kulala watoto. Karo ya shule ilikwisha kutumika, na jamaa wangali katika nyumba ya zamani inayovuja. Mtu huyo hakukosa bidii, alikosa hesabu.

RAMANI KWANZA

Aliye na fedha ya vyumba viwili tu asianze sita. Na achore ramani ya vyumba sita, kisha ajenge viwili na kuviezeka kabisa. Katika mwisho wa ukuta utakaoongezwa baadaye, fundi aache meno ya matofali yakitokeza, ili ukuta mpya ushikamane na ule wa kwanza. Paa nalo lielekezwe upande huo, lipate kuendelezwa kwa mstari mmoja bila kubomolewa. Hivyo jamaa hulala pakavu tangu mwaka wa kwanza, na nyumba hukua kwa kadiri ya mapato. Haba na haba hujaza kibaba.

Umbo la nyumba nalo lina bei yake. Nyumba ya mita 6 kwa mita 6 ina nafasi ya mita za mraba 36, na kuta zake za nje zikipimwa kwa kuzunguka ni mita 24. Nyumba ya mita 3 kwa mita 12 ina nafasi ile ile ya 36, lakini kuta zake ni mita 30. Ikiwa ukuta ni wa kimo cha mita 2.4, hizo mita 6 zilizozidi ni mita za mraba 14.4 za ukuta. Kwa matofali ya simiti ya urefu wa milimita 390 na kimo cha 190, mita moja ya mraba hula matofali 12 na nusu. Basi mwenye nyumba nyembamba hununua matofali 180 zaidi, pamoja na msingi wa mita 6 zaidi, wala hapati hata nafasi ya kuweka kiti kimoja. Kila pembe inayoongezwa kwa ajili ya urembo huongeza gharama namna hiyo hiyo.

Kabla ya kukata shauri la upana wa nyumba, yafaa kuuliza dukani urefu wa mabati na wa mbao zinazouzwa. Paa likipangwa kufuatana na vipimo hivyo, vipande vya kutupwa huwa vichache. Jiko na bafu vikiwa karibu, mabomba ya maji huwa mafupi.

Ramani ipelekwe pia kwa serikali ya kaunti kabla ya kuchimba, kwa maana Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 yataka ruhusa. Aliyejenga bila ruhusa aweza kuamriwa kubomoa, na hapo hasara ni ya nyumba nzima. Vivyo hivyo anunuaye kiwanja na aende kwanza katika ofisi ya ardhi kuhakikisha jina la mwenyewe.

UDONGO WA KIWANJA

Udongo mweusi unaonata, kama ule wa mbuga za Athi na wa Mwea, huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Msingi uliowekwa juu yake hupanda na kushuka, na kuta hupata nyufa. Mahali kama hapo sharti udongo huo uondolewe mpaka ifikiwe ardhi ngumu, au kutafutwe shauri la mjuzi. Kiwanja cha bei ndogo chenye udongo mweusi chaweza kuwa ghali kuliko cha bei kubwa chenye mwamba karibu.

Udongo mwekundu wa chini, usio na mizizi, waweza kumpunguzia mtu gharama ya kuta. Ukichanganywa na simiti kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono, hutoa matofali imara yasiyohitaji kuchomwa kwa kuni. Kipimo chake ni hiki. Sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 4 na kina cha 4, lijazwe udongo uliolowanishwa, likauke kabisa kivulini kwa juma moja. Kisha udongo usukumwe upande mmoja, na nafasi iliyobaki wazi ipimwe. Ikiwa haifiki milimita 12, sehemu moja ya simiti yatosha sehemu 18 za udongo. Ikiwa ni kati ya milimita 12 na 24, iwe sehemu moja kwa 16. Ikizidi hapo, simiti huzidi kutakiwa, na ikipita milimita 50, udongo huo haufai mpaka uongezwe mchanga. Matofali yakitoka mashineni yafunikwe na kunyunyiziwa maji kwa siku 7, na yakae majuma manne kabla ya kujengewa.

MAHALI PASIPOFAA KUBANA

Kuweka akiba si kupunguza kila kitu. Kuna mambo matatu ambayo mwenye kuyapunguza hujiibia mwenyewe.

La kwanza ni simiti katika zege. Kwa sakafu, kipimo cha kawaida ni sehemu 1 ya simiti, 2 za mchanga na 4 za kokoto, na kipimo kifanywe kwa karai au debe, si kwa kukisia kwa beleshi. Maji yakizidi, zege huwa rahisi kumwaga lakini hukauka likiwa dhaifu. Likiisha kumwagwa, lilowanishwe kwa siku 7. Kazi hiyo yaweza kufanywa na watoto wa nyumbani kwa ndoo za maji. Mifuko ya simiti iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta wenye unyevu, wala isinunuliwe miezi mingi kabla ya kazi, kwa kuwa hupoteza nguvu.

La pili ni paa. Mnunuzi wa mabati akumbuke ya kuwa namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 32 ni jembamba kuliko geji 28. Paa lizidi kuta kwa sentimita 60 hivi, lipate kuzikinga na mvua, hasa kuta za udongo. Paa zuri laweza pia kulipa sehemu ya gharama yake: mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita za mraba 50 huteremsha lita zipatazo 1,000, nazo zikiingia katika tangi humpunguzia mama wa nyumba safari za mtoni.

La tatu ni fundi. Fundi wa bei ndogo asiyejua kutumia timazi na pimamaji hugharimu mara mbili, kujenga na kubomoa. Ni vema kutazama nyumba alizojenga zamani, kuandika mapatano mbele ya shahidi, na kumlipa kila hatua ikamilikapo: msingi, kuta, paa. Malipo yote yakitolewa mwanzoni, mwenye nyumba hubaki bila neno la kusema.

DAFTARI LA UJENZI

Mwisho, kila nyumba iwe na daftari lake. Ndani yake iandikwe tarehe, kitu kilichonunuliwa, hesabu ya mifuko iliyoingia na iliyotumika, na jina la aliyepokea. Bandu bandu huisha gogo. Mifuko miwili isiyojulikana ilikokwenda kila juma yatosha kumaliza simiti ya sakafu. Na kila mwisho wa mwezi mume na mke wakae pamoja, wahesabu fedha iliyobaki na kuilinganisha na kazi iliyobaki. Ikiwa haitoshi kufika juu, na wasimame penye msingi, waufunike vizuri na kungoja mavuno mengine; kwa maana msingi uliofunikwa waweza kungoja, lakini ukuta usio na paa hauingoji mvua.