Mwangwi katika Mashairi ya Sheikh Kaluta Amri Abedi

Ndugu msomaji, wewe uishiye Sumbawanga au katika vijiji vya Ufipa, ambako Kifipa ndiyo lugha ya nyumbani, huenda ukafungua diwani ya Sheikh Kaluta Amri Abedi ukaona maneno yale yale yanarudi shairi baada ya shairi. Usiharakishe kusema kwamba mshairi alipungukiwa na maneno. Wala usiseme kwamba kila lirudilo ndiyo itikadi yake. Wako watu wanaoipokea imani au kuikataa kwa neno moja la mshairi, nao hawakuuliza neno hilo lilifikaje pale.

Sheikh Amri alizaliwa Ujiji mwaka 1924, kando ya ziwa lile lile la Tanganyika ambalo mtu wa Ufipa hulifikia akiteremka Kasanga. Kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilitoka mwaka 1954. Kwanza kanuni, kisha mashairi: ametupa mzani na mzigo pamoja. Basi tumpime kwa mzani wake mwenyewe.

Ondoa kwanza kiitikio. Mstari wa mwisho ukirudi katika kila ubeti, hiyo ni desturi ya utungaji. Hata Qurani Tukufu, ambayo si shairi, katika Sura Ar-Rahman hurudia aya moja mara 31, na kila mara hufuata jambo jipya lililotangulia.

Kisha tazama vina. Hapa ndipo penye kazi. Mshairi akichagua kina cha "li", maneno kweli, mbali, kauli na kamili yatakuja yenyewe kama ng'ombe wajuao zizi. Kwa hiyo neno "kweli" likikaa penye kina, ushahidi wake ni mdogo. Lakini likikaa mahali ambapo hakuna kina kilicholiita, na likarudi hivyo katika mashairi matatu au manne yenye vina mbalimbali, hapo umelipata neno la moyo wake. Andika katika daftari shairi, ubeti, mstari, na mahali neno lilipokaa. Ama vipande vya mizani nane kama "leo nataka kusema", hivyo ni mali ya washairi wote, vipite.

Kumbuka pia kwamba Sheikh Amri alishiriki katika kazi ya tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili iliyotoka mwaka 1953. Msemo ufananao na tafsiri hiyo yafaa uulizwe kama haukuingia kwa mlango huo.

Mkulima wa Ufipa hufukia majani katika matuta ya duara, na msimu ufuatao yakawa mbolea. Msemo nao hufukiwa katika shairi moja ukachipuka katika jingine kwa sura nyingine. Basi fuata fumbo, si herufi tu.

Jambo la mwisho ni tarehe. Sheikh Amri alikuwa Meya wa Dar es Salaam mwaka 1960, baadaye Waziri wa Sheria, akafariki Oktoba 1964. Diwani iliyatangulia yote hayo. Ukikuta humo neno la uongozi likirudi, lisome kama kauli ya mbashiri wa miaka 30, si ya Waziri.