SOMO LA MIFUGO: KWA NINI NDAMA HUDUNGWA SINDANO MBILI



Mfugaji wa Kilosa anayelipia chanjo ya ndigana kali ana haki ya kuuliza: kwa nini ndama adungwe sindano mbili siku moja? Je, hatuwezi kupunguza gharama kwa kuacha ile ya pili? Jibu ni hapana, na somo hili laeleza sababu.

1. Ugonjwa wenyewe

Ndigana kali huletwa na kimelea kiitwacho Theileria parva, kinachoenezwa na kupe wa rangi ya kahawia apendaye masikio ya ng'ombe. Kimelea hiki huingia ndani ya chembe nyeupe za damu, yaani ndani ya askari wa mwili wenyewe, na kuzifanya zizaane pamoja nacho. Ndiyo maana mtoki wa chini ya sikio huvimba, kisha homa hupanda. Mnyama asiye na kinga aweza kufa katika muda wa wiki tatu hivi.

2. Kinga mbili na tarishi wake

Mwili wa mnyama una kinga za aina mbili. Ya kwanza ni ya kuzaliwa nayo: ngozi, homa, na chembe zinazomeza kila kitu kigeni. Huanza kazi papo hapo, lakini haimjui adui mmoja mmoja wala haimkumbuki. Ya pili ni ya kujifunza. Humo zimo chembe T, ambazo kila moja hutambua alama yake tu. Kinga hii hukumbuka, ila huhitaji siku kadhaa kujiandaa.

Kinachounganisha kinga hizi ni chembe zenye matawi, alizozieleza Ralph Steinman huko New York mwaka 1973. Tuziite chembe tarishi. Hukaa ngozini na penginepo, humeza adui, humkata vipande, kisha husafiri hadi mtokini. Huko huvionyesha vipande hivyo, viitwavyo antijeni, vikiwa juu ya vishikio maalumu. Tarishi aliyekutana na dalili za hatari hubeba pia ishara ya pili, mfano wa muhuri juu ya barua. Bila ya muhuri huo, chembe T haziamki. Zikiamka, huzaana kwa wingi.

Mwaka 1974, huko Canberra, Australia, Peter Doherty, aliyesomea udaktari wa mifugo, pamoja na Rolf Zinkernagel walionyesha kuwa chembe T hutambua alama ya adui ikiwa tu imeshikwa na kishikio cha mwili wenyewe. Kwa ng'ombe wetu jambo hili ni uhai. Kimelea kikishajificha ndani ya chembe nyeupe, kingamwili zilizomo katika damu hazikifikii. Lakini chembe iliyovamiwa huonyesha nje vipande vya mvamizi wake, na chembe T zilizokwisha kufunzwa huiua pamoja naye.

3. Kazi ya kila sindano

Njia hii ilitengenezwa Muguga, Kenya, katika miaka ya 1970. Sindano ya kwanza ni vimelea hai. Ya pili ni oksitetrasaiklini inayokaa mwilini muda mrefu. Dawa hii huchelewesha kuzaana kwa vimelea, ili tarishi wafikishe habari na chembe T ziwahi kuongezeka. Anayeiacha, au kuipunguza, amempa ndama ugonjwa wenyewe.

4. Wajibu wa chama

(a) Mrija mmoja wa chanjo huwa na dozi 30 hadi 40. Hutunzwa katika naitrojeni ya baridi kali, na ukishayeyushwa hutumika siku hiyo hiyo. Katibu aandikishe ndama mapema, wafugaji wachanje pamoja.

(b) Uzito wa kila mnyama upimwe, kwani kipimo cha dawa hufuata uzito. Mnyama mgonjwa asichanjwe.

(c) Ng'ombe aliyechanjwa aweza kubaki na vimelea vichache ambavyo kupe huvipeleka kwa jirani asiye na kinga. Kuchanja nusu ya kundi si akiba.

(d) Kuogesha kuendelee. Kupe huleta ndigana baridi pia, ambayo chanjo hii haiizuii.

(e) Nyati wa Hifadhi ya Mikumi wasichukuliwe kuwa si kitu. Nyati huishi na kimelea hiki bila kuugua, lakini vimelea vyao vyaweza kuwa na alama ambazo chembe T za ng'ombe hazikufundishwa. Majaribio yaliyofanywa Kenya yameonyesha kuwa hata ng'ombe aliyechanjwa aweza kufa akichunga walipo nyati. Chanjo si ruhusa ya kulisha mpakani mwa hifadhi.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni

1. Kwa nini kinga ya kuzaliwa peke yake haitoshi?
2. Sindano ya pili humpatia ndama nini?
3. Chama chetu kina ndama wangapi wa kuchanjwa, na nani ataandika orodha?