Kujifunza Gitaa kwa Sikio

Watu wengi hudhani ya kuwa kupiga gitaa kwa sikio ni kipawa ambacho mtu huzaliwa nacho, na kwamba asiyezaliwa nacho hana budi kutafuta mwalimu na kitabu, au aache kabisa. Maneno hayo si kweli. Sikio hufundishwa kama vile mkono unavyofundishwa kukamua ng'ombe. Mtoto hajifunzi lugha ya mama yake kwa kitabu: husikia, hujaribu, hukosea, husikia tena, na mwisho husema. Kazi ya gitaa ni vivyo hivyo, ila tu yataka subira na utaratibu.

Na achukuliwe kwa mfano kijana wa Kapseret, kusini mwa mji wa Eldoret, katika nchi ile ya mahindi na ng'ombe wa maziwa. Kijana huyu ana gitaa. Amejifunza kwa kutazama vidole vya wenzake, na tena kwa kutazama picha za wapigaji katika simu yake. Nyimbo sita anazipiga bila kosa, na watu humsifu. Jioni moja nyanya yake anambembeleza mtoto kwa wimbo ambao hapana mtu mwingine nyumbani aujuaye. Kijana anachukua gitaa ili amfuate, lakini vidole vyake havijui pa kwenda.

"Kogo," anamwuliza kwa heshima, "nionyeshe unavyokwenda."

"Mjukuu wangu," anajibu bibi, "mimi sikuonyeshwa. Nilimsikia mama yangu, basi."

Mikono ya kijana huyu haina kasoro. Shida yake ni kwamba amejifunza kwa macho, wala si kwa masikio. Penye vidole vya kutazama anaweza kupiga. Pasipo na vidole hana la kufanya. Na wimbo wa bibi hauna vidole vya kutazama.

Jinsi waliotangulia walivyojifunza

Kupiga nyuzi si jambo geni kwa Wakalenjin. Muda mrefu kabla gitaa halijafika, Wakipsigis walikuwa na kinubi chao kiitwacho chepkong, na ndugu zao Wanandi walikuwa na chombo cha namna hiyo hiyo. Mwenye kinubi hukaza na kulegeza nyuzi mpaka sikio lake liridhike. Hapana kitabu cha kumwambia kwamba uzi huu umekazwa sawasawa. Sikio ndilo hakimu.

Kisha zikaja sahani za santuri. Miongoni mwa zilizofika Afrika Mashariki zilikuwamo za Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyefanya kazi katika reli kabla ya kupata sifa kwa kuimba na kupiga gitaa, na aliyefariki mwaka 1933. Mwaka 1950 Bwana Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika akinasa nyimbo za wenyeji, alifika Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis. Huko aliwasikia wasichana wakiimba juu ya mtu waliyemwita Chemirocha. Jina hilo lilikuwa ni lile lile la Jimmie Rodgers, lililogeuzwa kidogo ili litamkike vizuri katika lugha yao. Wasichana hao hawakuuiga wimbo wa Kimarekani. Waliisikia sauti ngeni, wakachukua jina lake, wakatunga wimbo wao wenyewe, na kuupigia kwa kinubi cha kwao. Huo ndio uwezo wa sikio lililofundishwa: halichukui tu, hubadilisha likafanya chake.

Katika miaka ile ile gitaa lilikuwa likienea upesi. Mwaka 1952 Bwana Tracey alimnasa kijana wa Katanga, Jean-Bosco Mwenda, katika mji wa Jadotville ambao sasa huitwa Likasi. Mwenda alitumia kidole gumba na kidole cha shahada tu, hata hivyo msikilizaji angedhani kwamba watu wawili wanapiga pamoja. Mtaalamu mmoja, David Rycroft, alipotaka kuandika upigaji wake kwa alama za muziki, kazi hiyo ilichapishwa kwa sehemu mbili, mwaka 1961 na mwaka 1962. Yafaa kukumbuka utaratibu huo: sauti ilitangulia, maandishi yakafuata.

Magharibi mwa Kenya George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alisifiwa kwa mtindo ulioitwa omutibo, ambao gumba hulinda nyuzi nene na kidole cha shahada huimba juu yake, na mwenzake hugonga chupa ya soda kushika mwendo. Vijana wengi wa Kenya walijifunza mitindo hiyo kwa kukaa karibu na santuri au redio, wakirudia kipande kimoja mara nyingi mpaka kikae moyoni.

Hatua za kujifunza

Hatua ya kwanza ni kulinganisha nyuzi. Gitaa la kawaida lina nyuzi sita. Ulio mnene kabisa huitwa wa 6, na ulio mwembamba kabisa huitwa wa 1. Vyuma vidogo vilivyokingama shingoni huigawa shingo katika nafasi, na nafasi ya kwanza ni ile iliyo mbali kabisa na tumbo la gitaa. Uzi wa 6 ukibanwa katika nafasi ya 5 hutoa sauti sawa na uzi wa 5 ulio wazi. Uzi wa 5 katika nafasi ya 5 ni sawa na wa 4, na wa 4 katika nafasi ya 5 ni sawa na wa 3. Uzi wa 3 hubanwa katika nafasi ya 4 ili kuupata wa 2, na wa 2 katika nafasi ya 5 ili kuupata wa 1. Nyuzi mbili zisipolingana husikika mtetemo kama wimbi, na kadiri zinavyokaribiana wimbi hilo hupungua mwendo, hata mwisho hutoweka. Anayejizoeza kulinganisha nyuzi hivi kila siku tayari analifundisha sikio lake.

Hatua ya pili ni kuimba kabla ya kupiga. Mwanafunzi auchague wimbo mwepesi anaoujua vizuri, aweke gitaa kando, auimbe wote kwa kinywa. Mahali anapobabaika katika kuimba ndipo vidole navyo vitababaika. Asiyeweza kuiimba sauti bado hajaisikia vema, naye arudi kusikiliza.

Hatua ya tatu ni kutafuta nyumbani kwa wimbo. Kila wimbo una sauti moja ambayo juu yake hutua na kupumzika, na mara nyingi ndiyo sauti ya mwisho. Waliojifunza kuimba shuleni au kanisani huijua kwa jina la do. Mwanafunzi aishike sauti hiyo kwa kinywa bila kuiacha, na huku aibane nafasi moja moja juu ya uzi mmoja mpaka gitaa na kinywa vitoe sauti moja. Asikubali sauti ya karibu karibu. Aliyezoea "karibu" hafiki.

Hatua ya nne ni kupanda ngazi juu ya uzi mmoja tu. Uzi ulio wazi ukihesabiwa kuwa do, basi re i katika nafasi ya 2, mi ya 4, fa ya 5, so ya 7, la ya 9, ti ya 11, na do ya juu ya 12, ambayo iko katikati kabisa ya uzi. Kwa ngazi hiyo mwanafunzi atafute wimbo wake sauti kwa sauti, akijiuliza kila mara: je, sauti hii imepanda au imeshuka, na kwa hatua ndogo au kubwa? Nyimbo nyingi za kale za Wakalenjin hutumia sauti tano tu katika hizo, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kuanzia.

Hatua ya tano ni mishiko, yaani kubana nyuzi kadhaa pamoja ili sauti zake zisaidiane. Nyimbo nyingi za santuri na za kanisani zaweza kufuatwa kwa mishiko mitatu tu: ule wa do, ule wa fa, na ule wa so. Mwanafunzi aupige mshiko wa do huku akiimba. Atafika mahali ambapo kinywa na gitaa vinagombana. Hapo ndipo pa kubadili. Ajaribu fa; isipokubali, ajaribu so. Milango ni mitatu tu, naye akijizoeza hatahitaji kubisha yote. Sauti nene ya chini humsaidia sana, maana ndiyo itangulizayo habari ya mshiko unaokuja.

Hatua ya sita ni kutenganisha gumba na kidole cha shahada. Gumba lijifunze peke yake kutembea juu ya nyuzi nene, moja, mbili, moja, mbili, mpaka mwanafunzi aweze kumjibu mtu salamu bila gumba kusimama. Ndipo kidole cha shahada kiongezwe, sauti mbili tatu kwa mara moja. Ajifunze kipande kidogo na kukikamilisha kabla ya kwenda kipande kingine. Robo saa kila siku ni bora kuliko saa tatu za Jumapili peke yake.

Zamani mtu aliyeipunguza mwendo santuri yake hata nusu aliona kwamba wimbo wote umeshuka kutoka do ya juu hata do ya chini. Siku hizi simu yaweza kuuchelewesha wimbo bila kuushusha sauti. Msaada huo ni mwema, ila utumiwe kwa kusikiliza. Yafaa picha ifunikwe, au simu igeuzwe kifudifudi, na mwanafunzi afumbe macho.

Wimbo wa bibi

Sasa na arudi yule kijana wa Kapseret kwa bibi yake. Amwombe auimbe tena, naye asishike gitaa kabisa mara ya kwanza wala ya pili. Aimbe pamoja naye. Kisha aitafute do, apande ngazi, aitie sauti moja moja. Asiuvishe wimbo ule mishiko mitatu ya santuri kwa nguvu, kwa maana haukutungiwa hiyo. Huenda ukapendezwa zaidi na sauti chache zinazorudiwa, kama kinubi kinavyofanya. Na huenda akakuta sauti ya bibi inaangukia kati ya nafasi mbili za gitaa. Hapo asimwambie bibi kwamba amekosea. Kinubi hukazwa kwa kufuata sauti ya mwimbaji. Vyuma vya gitaa vilipangwa kiwandani na mtu asiyewahi kumsikia. Kijana na aiache sauti hiyo kwa kinywa, gitaa likisubiri.

Tena, kwa idhini ya bibi, na auhifadhi wimbo katika simu yake, na kuandika jina la mwimbaji, mahali, tarehe, na maana ya maneno. Zile sauti za Kapkatet za mwaka 1950 ziliwekwa mbali na wenyewe kwa zaidi ya miaka 60 kabla nakala zake hazijarudishwa kwa Wakipsigis. Zilisalimika kwa sababu mtu mmoja alifika na chombo cha kunasia. Nyimbo zilizoimbwa katika nyumba nyingine usiku ule ule, ambako hakufika mtu, hazina nakala mahali popote.

Hapana haja ya kungoja mgeni mwingine. Santuri na simu zitaendelea kuwapo, na wimbo wa redio waweza kujifunzwa mwaka huu au mwaka ujao. Wimbo wa mzee haungoji hivyo. Kijana mwenye gitaa na sikio lililofundishwa aweza kuupokea jioni moja, bila gharama yoyote, kando ya moto wa nyumbani. Basi na aanze kwa kulinganisha nyuzi zake leo, na kesho akamwombe bibi aimbe.